Probu ya kugusa kwenye mashine ya CNC: usisome namba ya skrini

Karibuni tena karakana. Leo mezani kuna probu ya kugusa, yaani kifaa kinachoiambia mashine kimegusa kitu, hii ya waya, yenye gololi ya yakuti ya milimita 2 kwenye ncha ya sindano. Nimeitumia miezi mitatu kwenye mashine yangu ya milingi, ya kukata metali kwa kuongozwa na kompyuta (CNC), na swali mlilonitumia wengi ni moja: je, inasoma sawasawa? Nitalijibu. Ila kwanza tuhakikishe tunasoma namba inayostahili kusomwa, maana nusu ya lawama ninazosikia kuhusu probu za aina hii si kosa la probu.

Tazama skrini. Kipande cha alumini kimebanwa kwenye jiliwa, probu iko kwenye koleti (kishikio cha kikata), spindo inayokizungusha imezimwa kabisa. Naandika G38.2 X30 F300. Yaani: elekea X 30 kwa mwendo wa milimita 300 kwa dakika, ukigusa kitu simama. Inakwenda, inakwenda... taa imewaka, imesimama. Skrini inasema X 12.548. Sasa naangalia kigezo #5061, ambamo LinuxCNC, programu inayoendesha mashine yangu, huhifadhi nafasi ya X ya pale pale probu ilipofyatuka. Kinasema 12.485.

Umeona? Tofauti ya milimita 0.063, na mguso ni mmoja.

Mashine iliyo mbioni haigandi papo hapo. Milimita 300 kwa dakika ni milimita 5 kwa sekunde. Mhimili wangu wa X nimeuwekea kikomo cha kupunguza mwendo cha milimita 200 kwa sekunde katika kila sekunde. Piga hesabu: kabla ya kusimama utakuwa umeteleza milimita 0.0625. Gololi imeshagusa, sindano inaegemea springi zake, mhimili bado unamalizia safari. Skrini inakuonyesha ulipoishia, kigezo kinakuonyesha ulipogusa.

Mimi somo hili nimelilipia. Programu yangu ya kwanza ya kutafuta ukingo ilisoma #5420, ambayo ni nafasi ya sasa, badala ya #5061. Nikatoboa matundu ya pini kwenye bamba kwa kupima kutoka ukingoni, na pini hazikuingia upande wa pili. Nikalegeza jiliwa, nikaibana upya, nikapima skrubu za mihimili, nikashuku kila kitu isipokuwa mstari ule mmoja wa programu. Siku mbili zilikwenda hivyo.

Kwa hiyo: #5061 ni X, #5062 ni Y, #5063 ni Z. Na kuna #5070, ambacho watu hukisahau: kikiwa 1, probu imegusa; kikiwa 0, haikugusa kitu. Ukitumia G38.3, ambayo haitoi kosa inapokosa kugusa, lazima ukiangalie hicho kwanza, la sivyo utaweka sifuri ya kazi, yaani pa kuanzia vipimo vya kipande, hewani. Wenye programu nyingine za kuendesha mashine: wenye Mach3, amri yenu ni G31 na namba zenu ni #2000, #2001 na #2002. Wenye Grbl, jibu linakuja kwenye mabano likianza na PRB, na hapo muwe macho: zile ni nafasi za mashine, si za kipande cha kazi. LinuxCNC inakupa nafasi kwa mfumo wa vipimo uliokuwa unatumika wakati wa kugusa. Ukichanganya hizo mbili, kosa lako halitakuwa la mikroni (elfu moja ya milimita), litakuwa la sentimita, na sindano itavunjika.

Haya, turudi kwenye bidhaa. Ndani yake kuna miguu mitatu iliyokalia gololi sita, mbili kwa kila mguu, na umeme unapita kote kama mnyororo. Mguu mmoja ukiinuka, umeme unakatika. Wazo hili ni la David McMurtry, aliyelibuni mwaka 1972 akiwa mhandisi wa Rolls-Royce, ili kupima mabomba membamba ya mafuta ya injini za Concorde. Nalipenda sana kwa sababu moja: waya ukikatika, mashine inaona kama probu imeshaguswa, na G38.2 inakataa hata kuanza. Zile probu zinazofunga umeme zikiguswa ziko kinyume. Waya ukikatika, mashine haijui, itaendelea kusukuma.

Majaribio. Nimegusa ukingo uleule mara 20 kwa kila mhimili, kwa mwendo wa F60. X namba zote zimekaa ndani ya mikroni 4, Y ndani ya 5, Z ndani ya 2. Kwa probu ya daraja hili nimefurahi kweli. Ninavyofanya ni hivi: naigusa kwa haraka kwanza, narudi nyuma milimita moja, kisha naigusa tena polepole na kuhifadhi ule mguso wa pili tu.

Lakini kurudia namba ileile si sawa na kusema kweli. Gololi ni milimita 2, basi unaongeza milimita 1 kupata ukingo, sivyo? Sivyo. Sindano inapinda kidogo kabla mguu haujainuka, kwa hiyo probu hufyatuka ikiwa imechelewa. Hapa nina ringi ya kipimo yenye kipenyo cha ndani cha milimita 25.000. Nimegusa kushoto, nimegusa kulia, umbali kati ya miguso miwili ni 23.016. Toa. Unabaki na 1.984, basi nusu kipenyo cha kutumia kwenye programu ni 0.992. Kila ukibadilisha sindano, rudia. Na kwa sababu miguu ni mitatu, nguvu ya kuifyatua haiwi sawa kila upande: ukisukuma kwa kuinua mguu mmoja ni tofauti na kuinua miwili. Pima X na Y kila mmoja kivyake.

Ukitafuta kitovu cha tundu, kipenyo cha gololi hakina shida, kinajifuta chenyewe unapogawa kwa mbili. Kinachokuumiza hapo ni gololi kutokaa katikati ya spindo. Hii probu ina skrubu nne ndogo za kuirekebisha, na kwa saa ya kupimia niliituliza ndani ya dakika kumi. Baada ya wiki mbili skrubu moja ilikuwa imelegea. Sikupendezwa. Weka gundi ya kushika nyuzi za skrubu, na kagua mara kwa mara.

Waya ndio udhaifu wake mkubwa. Haukuvikwa wavu wa kuzuia kelele za umeme, na ukipita karibu na nyaya za mota ya spindo, probu inafyatuka yenyewe hewani. Niliubadilisha, nikaweka waya wenye wavu, nikaunganisha wavu kwenye ardhi upande mmoja tu, yakaisha. Usikimbilie kuweka kichujio kwenye programu, kile kinachosubiri kidogo kabla ya kuamini ishara ya probu. Kichujio cha milisekunde 5 kwa F300 kinachelewesha namba kwa mikroni 25, na sasa hata #5061 yako inadanganya.

Ningeinunua tena? Ndiyo, kwa sindano fupi iliyokuja nayo na kazi ya kuweka sifuri na kutafuta vitovu. Kwa mashimo marefu yanayodai sindano ndefu, hapana. Niliifunga sindano ya urefu mara mbili, nikarudia ile miguso 20 kwenye X, na namba zilitawanyika mpaka mikroni 14.