Karakana ya mashua ufukweni Ggaba: kazi nzuri, ahadi zisizotimia

Meli za chuma za Ziwa Viktoria zina chelezo, yaani gati la kutengenezea meli, huko Port Bell, bandari ya Kampala, lakini sisi wenye mashua za mbao hutegemea mafundi wa ufukweni, na karakana ndogo niliyoijaribu Ggaba, pia karibu na Kampala, inastahili kusifiwa kwa kalafati yake, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba. Fundi mkuu aligonga kila ubao kwa nyundo akisikiliza mlio, kwa kuwa mbao iliyooza hutoa sauti nzito, kisha akakwangua pamba kuukuu karibu na mkuku, yaani boriti ya chini ya mashua, na kusindilia nyuzi mpya kwa patasi butu, taratibu, bila kuruka hata mwanya mmoja. Mbao zikishalowa huvimba na kuibana pamba hiyo. Mataruma mawili, yaani mbavu za mashua, yalibadilishwa kwa mvule, mti usiooza upesi.

Niliukataa ubao mmoja uliokuwa mbichi, maana ukikauka hunywea na kufungua mianya, nao wakaubadilisha bila ubishi. Kilichoniudhi ni muda: waliahidi siku nne, zikawa tisa, na abiria wangu wakahamia kwingine. Hata hivyo, tangu mashua irudi majini, sijachota maji ndani yake.