Magurudumu ya akiba ya vichwa vya treni za mfano: pimeni migongo kabla ya kuagiza

Lalamiko ninaloletewa mara nyingi na wenzangu wa Tabora na Kigoma wanaoendesha treni za mfano ni la kichwa kinachokwenda vizuri kwenye reli iliyonyooka, kisha kinaanguka kila kifikapo pale njia inapogawanyika. Wengi hukimbilia kubadilisha reli, kumbe kosa liko kwenye ekseli. Katika kipimo cha HO, mojawapo ya saizi za treni za mfano, ambacho reli zake zimeachana kwa milimita 16.5, nafasi kati ya migongo (nyuso za ndani zinazotazamana) ya magurudumu mawili ya ekseli moja inapaswa kuwa karibu milimita 14.4. Ikipungua, magurudumu hubana reli za ulinzi, zile fupi zinazoongoza magurudumu njia inapogawanyika, na kupanda juu. Ikizidi, ukingo wa gurudumu hugonga ncha ya reli zinapokutana. Bapa la kupimia la NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa reli za mfano kilichoanzishwa mwaka 1935, hulionyesha kosa hili mara moja.

Kwa magurudumu ya kubadilishia, nafasi ya kwanza naipa kampuni ya NorthWest Short Line ya Marekani, na sifichi kwamba naipendelea. Magurudumu yake huagizwa kwa kipenyo cha gurudumu, kipenyo cha ekseli na upana, yaani vipimo vyote vinavyoamua kama kichwa kitabaki relini. Chagueni upana wa milimita 2.8, kwa sababu yale membamba ya milimita 2.2, ingawa yanapendeza zaidi machoni, huelekea kuzama kwenye pengo la makutano ya kawaida ya reli.

Ya pili ni vipuri vya mtengenezaji wa kichwa chenyewe. Vinaingia bila usumbufu, ila mara nyingi huuzwa pamoja na ekseli na gia, hata kama mnahitaji gurudumu moja tu.

Ya plastiki ni ya bei rahisi, lakini hayapitishi umeme ambao kichwa huuchukua relini; yaachieni mabehewa.

Anayeiga Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 kwa upana wa mita moja, atafute ya HOm, yaani HO ya reli za upana wa mita moja, ambayo njia yake ni milimita 12.

Kinachonikera ni wauzaji wa mtandaoni wanaoandika «HO» na kuweka picha, bila kipenyo cha ekseli, huku nauli ya kifurushi hadi huku kwetu ikiweza kuizidi bei ya magurudumu yenyewe. Kurudisha mzigo usiofaa ni kulipa nauli hiyo tena, kwa hiyo ulizeni kipimo kwa maandishi, na muuzaji asiyekijibu msimlipe.