Vyuma vyepesi au vizito, kipi kinakaza mwili?

Jamani hili la kushika dambeli ya kilo 1 ili mwili ukaze linawapotezea watu muda sana. Mwili kukaza ni misuli kukua kidogo na mafuta kupungua, basi. Sasa kilo 1 unainyanyua mara 20 huku unapiga stori, msuli hata haujastuka, ila chuma chepesi kiasi ukikipiga mpaka mara 25 au 30, mkono unatetemeka na ile ya mwisho haipandi vizuri, hapo msuli unakua kweli. Kizito kinakufikisha hapohapo kwa mara 8 mpaka 12 tu, tena nguvu inaongezeka zaidi. Dada zangu msiogope kutuna, misuli haijai kwa wiki 2. Mimi kizito, chepesi nawaachia wanaoanza na wenye viungo vinavyouma.