Zenodo kwa programu za utafiti: nyota nne kutoka Mtwara

Sisi wa utafiti wa korosho huku Mtwara tunajua mradi ukiisha inakuwaje: ripoti inakwenda kwa mfadhili, na programu zilizochakata takwimu zinaondoka na laptopu ya aliyeziandika. Nilipokabidhiwa zetu za R (lugha ya kuandikia programu za takwimu), zinazokokotoa kiwango cha ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, kwenye mikorosho ya Tandahimba na Newala, nilizipeleka Zenodo. Ni ghala la bure la mtandaoni la kuhifadhi kazi za utafiti, lililoanza mwaka 2013, liko chini ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa nyuklia, na mzigo mmoja unaruhusiwa kufika GB 50. Zetu hazijazi hata flashi ya zamani.

Raha yake ni matoleo. Kazi ya kila siku tunaifanyia GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo unaoendelea kuandikwa. Ukishaiunganisha na Zenodo, kila toleo unalolitangaza linanakiliwa huko na kupewa DOI yake (kitambulisho cha kudumu cha kuitaja kazi mtandaoni), na ipo DOI nyingine inayobeba matoleo yote. Mwandishi wa makala anataja toleo alilotumia, ubishi umekwisha. Nakala inatoka seva kwenda seva, bando langu haliguswi.

Ila Zenodo inatunza, haiendeshi. Programu yetu ya 2019 iliandikwa kwa R 3.6. Ilipokuja R 4.0.0 mwaka 2020, read.csv, amri ya kusomea majedwali, iliacha kugeuza safu za maneno kuwa makundi kama ilivyozoea, na safu ya vijiji ikaanza kugoma. Mstari wa kwanza wenyewe unatafuta folda kwenye diski D ya mtu aliyekwishahamia Dodoma! Ghala litakutunzia hata huo, herufi kwa herufi. Kuandika README (faili la maelezo ya matumizi) ni kazi yako, na kuweka renv.lock, faili linalotaja matoleo ya vifurushi vya R vilivyotumika. Leseni pia: bila hiyo watu wanausoma msimbo wako lakini hawana ruhusa ya kuutumia.

Nyota niliyoinyima ni ya lugha, maana kurasa zote nimezikuta kwa Kiingereza, na vijana wetu wa takwimu wilayani wanahitaji mtu wa kukaa nao.

Kingine, mafaili yakishachapishwa kwa kawaida hayabadilishwi, unatoa toleo jipya na la zamani linabaki. Kwa hiyo kagua faili la mfano kabla ya kubonyeza: letu lilikuwa na majina ya wakulima na GPS za mashamba. Tuliyaondoa, tukaweka data za kubuni, kisha tukajaribia kwanza kwenye Zenodo Sandbox, tovuti yao ya majaribio.