Mtori wa kibandani jirani na mahakama Moshi, na ule ubishi wa kunyongwa

Kama una kesi Moshi mjini au unamsindikiza mtu kwenye kesi, kula kwa yule mama wa kibanda cha mabati jirani na mahakama, usihangaike kutafuta hoteli. Mtori wake ni mtori kweli, ndizi zimepondwa zikalainika na nyama ya mfupa unaikuta humo ndani, bakuli 2,500, chapati 500, chai ya maziwa anaweka tangawizi ya kutosha. Ndizi nyama naona anazidisha mafuta, na ikishapita saa sita watu wanajaa mpaka unakula umesimama. Choo hakuna, inabidi uvuke barabara. Chakula ni hayo tu, mi nimekuja kuandika zaidi kuhusu yanayoongelewa pale.

Vikao vya kesi za mauaji vikiwa vinaendelea, ndugu wa marehemu na ndugu wa mshtakiwa wote wanakula hapohapo, benchi moja, na mama anawahudumia wote sawa, kila mtu kwake ni "mwanangu". Mi nilikuwa upande wa marehemu, namsindikiza mama mmoja jirani yetu ambaye kijana wake aliuawa kwenye ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Kesi yetu ikaahirishwa, ila asubuhi hiyo kuna nyingine ilisomwa hukumu, jamaa kapewa kunyongwa mpaka kufa, kwaiyo watu walivyoingia kibandani walikuwa wamewaka.

Mzee mmoja wa Kibosho akasema wazi, aliyeua auawe, Biblia imesema, na kama serikali haitaki kumwaga damu basi isituzuie sisi wenye mtu wetu. Jamaa aliyevaa kanzu akamjibu kwa heshima kabisa, mzee wangu hata kwetu Waislamu kisasi kipo, lakini ndugu wa marehemu wana haki ya kusamehe au kupokea fidia, sasa hapa nani amewauliza ndugu? Hapo kijana mmoja anayefanya kazi kwenye ofisi ya wakili akadakia kwamba hata jaji mwenyewe haulizwi, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ukitiwa hatiani kwa mauaji ni kunyongwa tu, mjamzito ndo anapewa kifungo cha maisha na aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifo, wengine wote kamba moja, aliyepanga miezi na aliyerusha jiwe kwa hasira akimaanisha kuumiza vibaya. Wenzetu ukivuka tu Holili hapo, Mahakama ya Juu ya Kenya ilishaondoa ulazima huo 2017, jaji anapima. Na Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu iliyoko Arusha tarehe 28 Novemba 2019 iliiambia Tanzania hivohivo, kwamba kumnyima jaji nafasi ya kupima ni kuvunja haki ya kuishi, ikaagiza sheria ibadilishwe ndani ya mwaka mmoja.

Kijana akaongeza kitu ambacho kilinigusa sana. Waliopanga mauaji ya kimbari ya Rwanda walishtakiwa Arusha, hata aliyekuwa waziri mkuu, Kambanda, alipewa maisha 1998 kwa sababu ile mahakama ya UN haikuwa na adhabu ya kifo kabisa, sasa inakuwaje kijana wa Marangu aliyemkata mwenzake panga kwenye ugomvi wa migomba akose hata nafasi ya jaji kufikiria?

Mzee wa Kibosho hakukubali. Akasema hao wa Rwanda walitakiwa kunyongwa pia. Mzee mwenzake akamkumbusha Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake umetafuta kichwa chake huko Ujerumani miaka na miaka, akasema sisi kamba tunaijua ilikotoka. Kwangu mimi hiyo hoja haikukaa vizuri, Meli alikuwa anapigania nchi yake, hakuwa muuaji.

Sasa katikati ya hayo yote yule mama jirani yetu, ambaye alikuwa hajagusa chai yake, akauliza, "huyu wa leo atanyongwa lini?" Kijana akashindwa kumdanganya. Akamwambia mama, hapa Tanzania mtu wa mwisho alinyongwa 1994, rais ndiye anasaini, na Magufuli 2017 alisema hadharani kwamba hatasaini. Mama akasema, "kumbe mimi nasubiri kitu ambacho hakipo."

Hilo ndo linaloniuma mpaka leo. Tunabishana kama kunyonga ni haki au dhambi (mi nasema si haki, mashahidi wanakosea na wapelelezi wanakosea na aliyekufa harudishwi), lakini hapa kwetu tunafanya kitu kibaya zaidi, tunamtamkia mtu kifo huku tukijua hatumuui, alafu anakaa gerezani miaka akisikia kila mlango unaofunguliwa, na mzazi wa marehemu anaenda nyumbani na ahadi ya uongo iliyogongwa muhuri wa mahakama. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliikataa adhabu hii 1994, Mahakama ya Rufani mwaka uliofuata ikakubali kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha ila ikasema Katiba inairuhusu, na tangu hapo tumekaa kimya. Wabunge wetu waandike kifungo cha maisha, kinachotamkwa na kutekelezwa, na huyu mama aambiwe ukweli siku ileile.

Yule mama ntilie hakuchangia neno, alimpashia tu jirani yangu chai yake upya na hakumdai.

Nendeni kabla ya saa nne asubuhi, mtori ukiisha ndo umeisha. Analipwa keshi au kwa simu, ila usimpe noti ya elfu kumi asubuhi, chenji inakuwa shida.