Final Fantasy Zilizoboreshwa: Ununue Ipi, na Kwa Nini Uanze na Herufi

Kila Square Enix, kampuni ya Kijapani ya gemu za video, ikitangaza kwamba gemu fulani ya zamani ya mfululizo wake wa Final Fantasy inarudi ikiwa imeboreshwa, mashabiki hukimbilia jambo lile lile: picha mbili zilizobandikwa pamoja, uso wa zamani kushoto, uso mpya kulia. Watu wanagombania nywele. Wanagombania kivuli cha pua. Miezi inakatika kwa kelele hizo, gemu inatoka, pesa inalipwa, na hapo ndipo jumbe zinaanza kuniingilia. Wengi wanaoniandikia hawana shida na pua. Wanasema baada ya saa mbili macho yanauma, na kwamba gemu waliyoipenda utotoni sasa inaonekana kama imeazima nguo za mtu mwingine, ila hawajui kasoro iko wapi.

Nami huwauliza: umetazama herufi?

Kwa hiyo sipangi gemu hizi kwa utamu wa hadithi wala kwa urefu wa saa. Hayo yameandikwa hadi yamechakaa. Napanga kwa kitu ambacho hakuna muuzaji anayekiweka nyuma ya boksi: maandishi yanasomekaje. Gemu za aina hii tunazisoma. Kabla hujampiga mtu upanga umeshasoma menyu, orodha ya silaha, maneno ya mfalme, maneno ya mlinzi wa mfalme, na porojo za mwanakijiji asiyehusika na lolote.

Turudi nyuma kidogo, maana bila hili hamtanielewa. Final Fantasy ya kwanza ilitoka 1987 kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo. Picha nzima ya mashine ile ilikuwa nukta 256 kwa 240, na ilijengwa kwa vipande vya nukta 8 kwa 8. Herufi moja, kipande kimoja. Yaani ukijaza mstari kutoka ukingo hadi ukingo wa skrini, unapata nafasi 32 basi. Jaribu kuchora herufi "m" ndani ya miraba 8 kwa 8, tena uache nafasi ili isigusane na jirani yake. Kila nukta ina kazi. Ndiyo maana zile herufi nyeupe nene ndani ya kisanduku cha bluu zinakaa sawa na wahusika waliosimama juu yake: zimetoka kwenye udongo ule ule, nukta zina ukubwa ule ule.

Sasa tazama kilichotokea 2021. Matoleo ya Pixel Remaster ya gemu sita za mwanzo yalianza kutoka Julai mwaka huo kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, na kwenye simu, na VI ikafunga orodha Februari 2022. Kazi ya picha ni nzuri mno. Kazuko Shibuya, aliyechora wahusika wa awali, alihusika kuwachora upya, na Nobuo Uematsu, mtunzi wa muziki wa awali, alisimamia upangaji mpya wa muziki. Halafu juu ya kazi yote hiyo wakabandika herufi za Kilatini nyembamba, zilizobanana, laini kama za fomu ya ofisini. Nukta kubwa chini, herufi zisizo na nukta juu. Wachezaji wa kompyuta hawakungoja: walifungua mafaili ya gemu na kubadilisha fonti wenyewe. Mtu amelipa pesa yake, kisha anafanya kazi ya kampuni.

Toleo la Switch ya Nintendo na PS4 ya Sony la tarehe 19 Aprili 2023 ndilo lililokuja na chaguo la herufi za nukta ndani ya mipangilio, na baadaye marekebisho hayo yakafika kwenye Steam na simu. Ukiinunua leo, jambo la kwanza, kabla hata ya kuanza hadithi, ingia kwenye mipangilio ubadilishe fonti. Usiseme hukuambiwa.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja: Final Fantasy Tactics: The Ivalice Chronicles

Ilitoka 30 Septemba 2025, na ndiyo iliyonifanya niandike haya yote, kwa sababu hatimaye kuna watu waliokumbuka kwamba mchezaji ana macho. Gemu ya awali, ya PlayStation ya 1997, ilikuwa na tafsiri ya Kiingereza iliyovurugika kiasi kwamba fitina za kisiasa, ambazo ndizo roho ya gemu, zilipotea njiani. Toleo la 2007 la PSP, PlayStation ya mkononi, lilileta Kiingereza cha kifalme kizuri, lakini likaja na uzito: ukirusha uchawi, mashine inakokota miguu. Hili jipya limejengwa upande wa menyu upya kwa skrini za leo, Yasumi Matsuno, mwandishi na mwongozaji wa gemu ya awali, amepitia upya maneno yake mwenyewe, na mazungumzo yote yana sauti. Macho yakichoka, masikio yanapokea zamu. Mapigano unaweza kuyaharakisha, na gemu inajisevu yenyewe.

Ndani ya kifurushi hicho hicho kuna toleo la kale kwa wanaotaka mambo yalivyokuwa. Kilichokosekana ni nyongeza za PSP: aina mbili za wapiganaji, Dark Knight na Onion Knight, hawamo. Kuna waliokasirika sana. Mimi sikuwahi kumtegemea Dark Knight, kwa hiyo kwenye kilio hicho nitakuwa mwombolezaji wa pembeni.

Namba mbili: Final Fantasy XII The Zodiac Age

Ilitoka PS4 Julai 2017, kompyuta Februari 2018, kisha Switch na Xbox Aprili 2019. Watu wanaisifia kwa kuharakisha mwendo mara 2 au mara 4, na ni kweli, jangwa la gemu hii kwa mwendo wa toleo la awali la 2006 lilikuwa adhabu. Lakini maandishi muhimu ya XII hayako kwenye mazungumzo. Yako kwenye Gambit, zile amri unazowapangia wenzako: adui akiwa hivi, fanya vile, mwenzako akipungukiwa uhai, mponye. Kila mhusika anaweza kubeba amri 12. Utatumia muda mwingi ndani ya orodha hiyo kuliko ndani ya jumba lolote la kifalme, ukipandisha mstari huu juu, ukishusha ule chini, ukijiuliza kwa nini mponyaji wako anarushia mizimu dawa. Kwenye televisheni orodha inasomeka raha. Kwenye skrini ya mkononi herufi hizo zinasinyaa, na hapo ndipo nafasi ya kwanza ilipoiponyoka.

Ngojeni niseme la moyoni kuhusu mashine, maana mtaniuliza. Mimi ni wa Nintendo, sifichi. Gemu za zamu kwa zamu ni za kuchezea kitandani, na Switch ndiyo inayonifuata kitandani. Ila Switch si moja. Lite ina skrini ya inchi 5.5, ya kawaida 6.2, OLED 7, na zote tatu zina ukali wa picha wa 720p. Switch 2 ina inchi 7.9 na 1080p. Kama una Lite, XII na Tactics zitakukunja uso. Mwenye OLED anapumua. Mwenye Switch 2 ananisoma hapa kwa burudani tu. Wa PlayStation watasema televisheni kubwa inamaliza ubishi wote huu, na wana haki, lakini sijawaomba ushauri.

Namba tatu: Pixel Remaster, kwa masharti

Kwa sharti la fonti, nimeshasema. Sharti la pili: ujue unachokosa. Matoleo ya Game Boy Advance yalikuwa na nyongeza, mathalani aina nne za ziada za wapiganaji kwenye V na pango la majoka kwenye VI. Hazimo humu. Ulichopata badala yake ni uwezo wa kuzima mapigano ya kushtukiza na kuzidisha pointi za uzoefu hadi mara 4, jambo linalomfaa mtu mwenye kazi na watoto. Na III ya asili, ya 1990, haikuwahi kuuzwa rasmi nje ya Japani kabla ya toleo hili. Nje walipewa ile ya 3D ya Nintendo DS.

Bei sasa. Bei rasmi ya I na II ni dola 11.99 kila moja. III hadi VI ni dola 17.99 kila moja. Ukinunua moja moja zote sita unafika dola 95.94. Kifurushi cha zote ni 74.99. Inaonekana kama umepewa zawadi ya dola 21, sivyo? Lakini jiulize kwa haki kama utaicheza II. Wengi wanaonunua kifurushi wanataka IV, V na VI, na hizo tatu ni dola 53.97. Dola 21 "ulizookoa" ndizo hizo hizo ulizoongeza kununua gemu tatu za kupambia maktaba. Chukua VI kwanza, ucheze hadi tukio la opera, ambalo wamelijenga upya na kuimbwa kwa sauti za watu. Ukitaka zaidi ndipo urudi dukani.

Na ukinunua mtumba wa zamani, hesabu namba vizuri. Kule Marekani IV iliuzwa kama II mwaka 1991, na VI ikauzwa kama III mwaka 1994. Kuna wauzaji wanaojua hilo na kuna wanaojifanya hawajui.

Namba nne: Final Fantasy X/X-2 HD Remaster

Hapa ndipo vita vya nyuso vilipopamba moto: Tidus na Yuna, wahusika wakuu, walichongwa upya, na mashabiki hadi leo wanasema wamepoteza hisia. Ni kweli kidogo. Mimi kilichonikaa ni kwamba X ndiyo gemu ya mfululizo huu inayogeuza herufi kuwa hazina. Waalbhed, kabila moja la humo, wana lugha yao, na kote katika dunia ya gemu kumetawanywa vitabu 26, kimoja kwa kila herufi. Ukiokota kimoja, herufi moja inafunguka ndani ya mazungumzo ambayo hapo awali yalikuwa mchanganyiko usioeleweka. Saa za mwanzo unasoma vumbi. Baadaye neno moja linachomoza, kisha sentensi. Ubaya wake: matukio ya hadithi hayarukwi, na kabla ya bosi fulani utasikiliza hotuba ile ile hadi uikariri. Toleo la kompyuta lina njia za kuharakisha mwendo na kuzima mapigano ya njiani, na kwa hili tu namwachia Nintendo wangu nafasi ya pili.

Tena kwenye Switch ndiko kuna mtego ulioniletea malalamiko mengi zaidi. Boksi lililouzwa Ulaya na Marekani lina katriji yenye X peke yake. X-2 ni karatasi yenye namba ya kupakulia. Namba hiyo hutumika mara moja. Msomaji mmoja alinunua mtumba, boksi safi, jalada linang'aa, majina mawili mbele. Karatasi ndani ilikuwepo, imekunjwa vizuri, namba imeshatumika zamani. Alipomrudia muuzaji akaambiwa karatasi si imo? Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi mwenyewe alishachinjwa na mwingine. Ukiona X/X-2 ya Switch kwa mtu wa pili, lipa bei ya gemu moja au ondoka.

Na msidhani ujanja huo umeisha. Switch 2 imeleta kadi zisizo na gemu ndani: kadi ni ufunguo tu, gemu yenyewe unaipakua. Final Fantasy VII Remake Intergrade ya Switch 2 imekuja hivyo. Afadhali yake, kadi hiyo unaweza kumuuzia mwingine, tofauti na namba ya karatasi. Lakini boksi ni lile lile, kabati ni lile lile, na maelezo yanayokuambia ukweli yameandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Herufi tena! Halafu kuna walanguzi, ambao boksi la toleo maalumu la Pixel Remaster liliwaangukia mikononi kabla shabiki hajafungua ukurasa; mliosubiri mkaja kuona boksi la kawaida likiingia madukani Oktoba 2024. Anayelipa mlanguzi mara tatu mwezi wa kwanza ndiye anayemlisha hadi toleo lijalo.

Za bei chee: VII ya 1997 na VIII Remastered ya 2019. Zinaharakishwa, zinashuka bei mara kwa mara, menyu zinasomeka, skrini inabaki ya mraba na ukanda mweusi pande zote mbili. Nunua wakati wa ofa. Sina zaidi.

Mnaoisubiri IX

Tangu orodha ya gemu ya NVIDIA, kampuni ya chipu za picha, ilipovuja Septemba 2021 ikiwa na jina la IX mpya, kuna watu wamekataa kununua iliyopo. Nawaelewa: kwenye orodha ile ile Tactics ilikuwemo na imekuja, Chrono Cross, gemu nyingine ya Square Enix, ilikuwemo na ikatoka Aprili 2022. Lakini hadi naandika haya mkononi sina tangazo rasmi, na tetesi haichezwi. IX iliyopo sasa ina kasoro zake: wahusika wamesafishwa, mandhari ya nyuma yamebaki na ukungu wa 2000, na herufi za mazungumzo ni kubwa kuliko inavyohitajika. Kubwa, lakini zinasomeka, na kwa mtu wa Lite hilo ni jambo la shukrani. Ukiikuta nusu bei, ichukue. Hiyo mpya ikija, subiri angalau picha moja ya menyu yake kabla ya kulipa mapema, si ya uso wa Zidane, shujaa wake.