Petisheni za mtandaoni za Bunge la Uingereza: huduma nzuri kwa anayejua mipaka yake

Mkaazi yeyote wa Uingereza, awe raia au mgeni, anaruhusiwa kutia saini kwenye petition.parliament.uk, tovuti ya petisheni, yaani maombi ya pamoja kwa serikali au Bunge. Mkenya au Mtanzania anayeishi huko kihalali huwa na kura pia, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Mkongomani au Mrundi ambaye hajapata uraia hana kura ya kumchagua mbunge, lakini petisheni anayo. Kwa hilo tu huduma hii inastahili sifa.

Kufungua petisheni si kazi ngumu. Tovuti hukutafutia kwanza petisheni zinazofanana na yako. Zisome kwa makini, maana petisheni inayorudia iliyo wazi tayari hukataliwa. Kichwa kisizidi herufi 80, kwa hiyo taja jambo moja ambalo waziri anaweza kulitenda: kufuta ada fulani, kubadilisha kifungu fulani. “Saidieni wahamiaji” haitafika mbali. Kisha tafuta watu 5 wa kukuunga mkono. Kila mmoja lazima abonyeze kiungo atakachotumiwa kwa barua pepe, na hapa ndipo saini nyingi hupotea, kwa sababu isiyothibitishwa haihesabiwi. Waambie wakague hata kisanduku cha barua taka.

Halafu maofisa wa Kamati ya Petisheni, kamati ya wabunge inayosimamia huduma hii, huikagua. Hukataa yale yaliyo chini ya halmashauri, kesi zilizo mahakamani, na mambo yaliyokabidhiwa mabunge mengine: shule na hospitali za Scotland, kwa mfano, ni za Bunge la Scotland. Hukataa pia ombi la kutaka waziri fulani ajiuzulu. Ikishachapishwa hubadilishi neno, nayo hubaki wazi miezi 6.

Saini 10,000 huifanya serikali ijibu kwa maandishi. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu unapata msimamo rasmi wa wizara unaoweza kuunukuu. Jibu likikwepa swali, Kamati inaweza kulirudisha wizarani. Saini 100,000 hufanya petisheni ifikiriwe kwa mjadala, ambao kwa kawaida hufanyika Jumatatu saa 10:30 jioni katika ukumbi wa Westminster Hall. Mjumbe wa Kamati hufungua, wabunge huchangia, waziri kivuli husema lake, na mwisho waziri mwenyewe hujibu. Anaweza kuhojiwa ana kwa ana kwa kuwa mawaziri wa Uingereza hutoka bungeni. Hawateuliwi nje yake kama katika mfumo wa Kenya wa sasa. Lakini mjadala huo haupitishi sheria wala haupigi kura ya kubadili sera. Wengi huvunjika moyo hapo, na tovuti ingepaswa kulieleza jambo hili waziwazi tangu ukurasa wa kwanza.

Mwaka 2019 petisheni ya kusitisha kujitoa Umoja wa Ulaya ilivuka saini milioni 6. Ilijadiliwa Aprili 1, na serikali haikutetereka. Mwishoni mwa 2024 nyingine ya kudai uchaguzi mkuu mpya ilipata mamilioni ya saini, ikajadiliwa Januari 6, 2025, na uchaguzi haukuitishwa. Sababu iko katika mfumo wenyewe. Waziri Mkuu hukaa madarakani maadamu Baraza la Makabwela, yaani baraza la wabunge waliochaguliwa, lina imani naye, na hesabu inayomwangusha ni ya wabunge. Machi 28, 1979 Waziri Mkuu James Callaghan aliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja ya mbunge ilifanya kisichoweza kufanywa na saini milioni.

Ndiyo maana sehemu tunayoipenda zaidi ni ile ambayo wengi hawaifungui: ramani ya saini kwa kila jimbo. Kila petisheni huonyesha majimbo yote 650 na idadi ya waliosaini katika kila moja, kufuatana na msimbo wa posta walioandika. Chukua idadi ya jimbo lako, ilinganishe na kura ambazo mbunge wako alimzidi nazo mpinzani wake wa karibu, kisha mwandikie mbunge huyo ukitaja zote mbili. Mbunge aliyeshinda kwa tofauti ya kura 400 akiona saini 1,500 za jimboni mwake atakwenda kuongea na waziri hata kabla ya mjadala. Ukiandika, weka anwani yako kamili ya nyumbani, kwani kwa desturi wabunge hushughulikia mambo ya wakaazi wa majimbo yao tu.

Kuwa mwangalifu na kalenda. Bunge likivunjwa, petisheni zote hufungwa siku hiyo hiyo, kama ilivyokuwa Mei 30, 2024, na saini hazihamishiwi Bunge jipya. Uchaguzi ukinukia, subiri Kamati mpya iundwe ndipo ufungue yako.